Slabu Iliyonyimwa Maji

Hakuwa na baskeli. Hakuwa na saa ya mkononi, wala simu, wala viatu vya michezo. Mpira wa pete aliucheza kwa raba za shule zilizotoboka kwenye kidole gumba. Hakuwa na dada wa kugawana naye kazi za nyumbani. Baba alikuwa naye, ila alifanya kazi mbali na alirudi mara mbili tu kwa mwaka, kwa hiyo baba wa kumwamsha asubuhi pia hakuwa naye. Hakuwa na kimo, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Tena alikosa kitu kingine kimoja ambacho hakujua kwamba anakikosa, mpaka siku ile vumbi la zege lilipomdondokea kichwani.

Alichokuwa nacho kwa wingi ni maneno. Tangu alipoanza kusema hakupumzika, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Asubuhi zake za likizo zilifanana. Alifagia uwanja, akachemsha chai, akamnawisha uso mdogo wake wa miaka sita, ambaye kwa majivuno yake walimwita Bwana Mdogo, kisha wakashikana mikono kwenda kuchungulia ujenzi. Mama yao alikuwa mshonaji, na mlio wa cherehani yake uliwasindikiza hadi ng'ambo ya barabara, kwenye geti la shule. Huko kilikuwa kinajengwa chumba kipya cha darasa la kwanza. Fundi mkuu alikuwa mjomba wao, kaka yake mama.

Chumba hicho hakikuezekwa kwa bati. Kilitakiwa kuwa na paa la zege, ambalo mafundi huliita slabu, kwa sababu juu yake lingekaa tangi la maji la shule nzima. Muhula ukifunguliwa, Bwana Mdogo angekuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kukaa chini yake. Alikwisha kuchagua na mahali.

"Mimi nitakaa hapa," alisema, akisimama katikati kabisa ya chumba, kati ya miti iliyoegemeza mbao za juu. "Mwalimu akitazama, ananiona mimi kwanza."

"Akikuona wewe kwanza atarudi kwao," Chiriku akamjibu.

Siku ya kumwaga zege ilikuwa Jumamosi. Vibarua walipanga mstari, karai zikapanda ngazi kutoka mkono hadi mkono. Mwenye kuchanganya alikuwa mzee mwembamba, mwenye kofia iliyopigwa na jua hadi ikapoteza rangi. Walimwita Mzee Kopo, kwa sababu alipima maji kwa kopo la bati alilolichora alama ndani kwa msumari. Kila mchanganyo mmoja ulipata makopo yake kamili, wala hakuna aliyeweza kumshawishi aongeze.

"Mzee, ongeza maji kidogo," kibarua mmoja alilalamika huku akijifuta jasho. "Uji huu mzito, unatuvunja mikono."

"Nani kakwambia tunapika uji?" Mzee Kopo akasema bila kuinua macho. "Ukitaka uji nenda kwa mama yako."

Wenzake wakacheka. Chiriku, ambaye hakuweza kukaa mbali na mazungumzo, akasogea.

"Kwa nini huongezi, mzee? Maji si yapo tele?"

"Yapo, mwanangu. Lakini maji yaliyozidi hayakai. Yanaondoka, na yakiondoka yanaacha nafasi yake wazi, vitundu vidogo usivyoviona. Zege linasinyaa, linakuwa legevu, linapasuka."

"Kwa hiyo zege halipendi maji."

Mzee Kopo akacheka safari hiyo. "Linayapenda sana, ila kwa wakati wake. Kabla ya kumwagwa, yapimwe. Likishamwagwa na kuanza kushika, linyweshwe. Watu wanasema zege linakauka. Nguo ndiyo inayokauka. Zege linakomaa. Saruji inashikana na kokoto kwa kunywa maji, siku baada ya siku. Jua na upepo vikiyaiba maji hayo mapema, ngozi ya juu inasinyaa, na tumbo la chini halijawa tayari kuifuata. Unajua midomo yako inavyokuwa wakati wa upepo?"

Chiriku akajilamba midomo. Ilikuwa imechanika.

"Ndivyo hivyo," mzee akasema. "Ila midomo inapona."

Ilipofika saa kumi, slabu ilikuwa imekwisha kulainishwa, kijivu na laini kama maji yaliyotulia. Mzee Kopo akataka ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa. Mjomba akasema magunia hayapo na hana muda wa kuyatafuta, kwani kesho yake anaanza kazi nyingine upande wa pili wa mji. Akamwita mpwa wake.

"Chiriku, wewe ndiye jirani. Nani ataninyweshea slabu yangu?"

"Mimi, mjomba."

"Ndoo kumi asubuhi, kumi jioni, siku saba. Anza katikati, umalizie pembeni. Mimi nitakuwa napita barabarani na baskeli. Nikiona ukuta umelowa, nitajua slabu imekunywa."

Mzee Kopo alifungua mdomo kama mtu mwenye neno, kisha akaufunga. Fundi mkuu alikuwa mjomba, siyo yeye.

Jumapili na Jumatatu Chiriku alifanya kazi kama alivyoahidi. Ngazi ilikuwa na vipago kumi na vinne, na ndoo, hata ile ndogo, ilimgonga goti kwenye kila kipago. Alimwaga katikati, maji yakasambaa, yakanywewa, na mengine yakafika ukingoni yakachuruzika ukutani. Jioni mjomba alipita, akatazama ukuta, akapiga kengele ya baskeli mara mbili na kwenda zake.

Jumanne ukaja upepo. Ulikuwa upepo mkavu, wenye joto, uliopeperusha vumbi la uwanjani na kufanya mlango wa stoo ya shule ugonge mchana kutwa. Wasichana wa timu ya mpira wa pete walikuwa wameanza mazoezi, na mwalimu wa michezo alitaka wachezaji saba tu.

"Chiriku, unakuja au umeajiriwa na ndoo?" nahodha wao alimwita kutoka uwanjani.

"Nakuja. Zimebaki ndoo nane."

"Ukimaliza nane, sisi tutakuwa tumeshapewa nafasi. Nenda basi, kaolewe na hiyo slabu."

Wakacheka wote. Chiriku alisimama juu ya paa na ndoo ya pili mkononi, masikio yakimwaka. Aliitazama slabu. Ilikuwa ngumu, alipoipiga teke, aliumia kidole. Kitu kigumu namna hii kinahitaji maji ya nini tena? Hapo likamjia wazo, na likamjia kirahisi mno, kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni. Alikwenda ukingoni, upande wa barabara, akaimimina ndoo ile yote pembeni kabisa. Maji yakashuka ukutani kwa michirizi mirefu, myeusi, mizuri.

Akashuka akaenda kucheza.

Jioni mjomba alipita, akatazama ukuta, akapiga kengele mara mbili.

Jumatano ilikuwa hivyo. Alhamisi ikawa hivyo pia. Ndoo moja asubuhi, ndoo moja jioni, zote ukingoni. Ukuta ukalowa, kengele ikalia, na katikati ya slabu jua likapiga na upepo ukapita bila kuzuiwa na mtu.

Ijumaa asubuhi alipopanda na ndoo yake, aliona unywele katikati ya slabu. Ulikuwa mrefu, umejikunja kidogo. Aliinama auokote, na kucha yake ikakwaruza zege. Haukuwa unywele.

Alipiga magoti, akaufuata kwa kidole. Ulikwenda karibu hatua tatu, ukagawanyika mara mbili, na kila tawi likaelekea upande wake. Pembeni yake kulikuwa na mwingine, na mwingine tena. Akamimina maji juu yake. Maji hayakusambaa. Yaliingia mle ndani yakitoa vipovu vidogo, na sauti nyembamba, kama mtu aliyefyonza meno.

Siku ile hakucheza. Alichukua uzi kwenye kikapu cha mama, akarudi juu na kujaribu kuuingiza katika ufa. Ukaingia. Siku ya pili aliukunja uzi mara mbili, na wenyewe pia ukaingia. Sasa alimwaga ndoo kumi, kumi na tano, lakini nyufa zilibaki pale pale, zikinywa na kunyamaza.

Jumapili mjomba alikuja na mwalimu mkuu, mama mnene mwenye miwani, aliyetaka kuona kazi. Mzee Kopo naye alikuwapo, ameletwa kuchanganya lipu ya kuta. Mjomba alipanda ngazi akiwa anazungumza. Alipofika juu, mazungumzo yakakatika.

"Hii nini?" mwalimu mkuu akauliza nyuma yake.

Mjomba alizunguka slabu mara mbili, kisha akasimama ukingoni na kuita kwa sauti ya chini, sauti ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia kwake.

"Mzee Kopo, njoo uone ulichonifanyia."

Mzee alipanda polepole. Alizitazama nyufa muda mrefu.

"Uliongeza maji," mjomba akasema. "Vijana walilalamika zege zito, ukawaonea huruma."

"Mimi maji yangu nayapima, fundi. Miaka thelathini."

"Basi safari hii ulipima vibaya. Kunywesha, imenyweshwa, mimi mwenyewe nimeuona ukuta kila jioni. Kama tatizo si kunyweshwa, ni mchanganyo. Na mchanganyo ni wako."

Mzee Kopo akageuka. Chiriku alikuwa kichwani pa ngazi, nusu juu, nusu chini. Yule mzee alimtazama bila hasira.

"Mwanangu," akasema, "ulimwagilia?"

Chiriku angeweza kusema pale pale. Maneno, ambayo siku zote yalimtoka bila kuitwa, sasa yalikataa kuja. Kisha likatoka moja tu.

"Nilimwagilia."

"Siku zote saba?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee Kopo aliitazama michirizi ya ukutani chini yake. Akaitazama slabu. Kisha akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Basi ni kopo langu," akasema.

Aliteremka, akalitua lile kopo chini ya bomba la maji, akachukua mfuko wake. Mjomba hakumzuia. Kesho yake mtaa ukasikia, kama mitaa inavyosikia mambo, kwamba mzee amepanda basi kurudi kwao, safari ya kutwa nzima, kwa binti yake. Kopo likabaki chini ya bomba. Kila bomba lilipovuja, tone liligonga bati lile, ta, ta, ta, na Chiriku aliweza kulisikia kutoka getini.

Wiki iliyofuata nyumba yao ilikuwa kimya.

"Wewe Chiriku umemeza nini?" mama alimuuliza, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. "Siku ya tatu leo sijakwambia nyamaza."

"Sijameza kitu, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Mama alimtazama kidogo, kisha akarudisha macho kwenye mshono.

Mjomba aliziziba nyufa kwa saruji laini iliyokorogwa. Siku mbili zikapita. Chiriku alipopanda kutazama, zile za zamani zilikuwa zimezibwa vizuri, na kando yake zimefunguka mpya, kama vile zimesogea kupisha. Uzi sasa aliukunja mara nne.

Alhamisi gari lilileta tangi. Lilikuwa jeusi, refu kuliko mjomba, likasimamishwa uwanjani likingoja. Bwana Mdogo alilizunguka na kulipiga kofi.

"Linaingia maji kiasi gani?" akauliza.

"Lita elfu tano," dereva akasema. "Kila lita moja ni kilo moja. Piga hesabu wewe msomi."

Bwana Mdogo hakujua kupiga hesabu hiyo. Chiriku alijua. Kilo elfu tano, tani tano. Alizipanga tani hizo kichwani juu ya ule unywele wa slabu, na chini yake akamwona mdogo wake amekaa katikati kabisa, ili mwalimu amwone kwanza.

"Litapandishwa lini?" akauliza, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo.

"Jumamosi wanatoa miti, Jumapili tangi linapanda na kujazwa. Jumatatu shule."

Jumamosi Chiriku aliamka kabla ya kuitwa. Alipofika shuleni mjomba alikuwa ndani ya chumba pamoja na vibarua wawili wenye nyundo. Miti kumi na miwili iliyoegemeza slabu ilikuwa bado imesimama, myembamba, kama watu waliobeba mzigo kichwani muda mrefu na kuogopa kusogea. Bwana Mdogo alikuwa amefika kabla yake. Alikaa dirishani, miguu ikining'inia nje, akila kipande cha mkate.

"Fundi," kibarua mmoja akasema, "siku kumi na nne zinatosha?"

"Kwa slabu iliyonyweshwa vizuri, zinatosha. Nyufa zile ni za juu tu, za maji ya yule mzee. Piga."

Nyundo ikagonga kabari chini ya mti wa kwanza. Ikagonga tena. Mti ukalegea, ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Kisha juu yao, mahali fulani ndani ya zege lile, kitu kikasema *ta*, kama bomba linalovuja kwenye kopo, na vumbi jembamba la kijivu likashuka taratibu na kutua juu ya nywele za Chiriku.

Mjomba aliinua macho. "Ni mbao," akasema, lakini hakulisema kama mtu anayejua. "Mbao zinajinyoosha. Mti wa pili."

Kibarua alipoinua nyundo alimkuta Chiriku ameukumbatia mti wa pili kwa mikono miwili.

"Toka hapo," mjomba akasema.

"Sitoki."

"Chiriku, hapa si pa michezo. Toka."

"Mjomba, msiutoe. Slabu haijanywa maji."

"Imekunywa siku saba. Nimeona mwenyewe."

"Umeona ukuta." Akayasema yote, uso ukiwa umegandamizwa kwenye mti, gome likimkwaruza shavu. Siku mbili za kweli, siku tatu za uongo, na ndoo za mwisho zilizochelewa. Ndoo moja ukingoni. Upepo wa Jumanne. Mpira. Uzi wa mama. "Mzee Kopo hakuongeza maji. Alihesabu makopo yake mimi nikiwa pale. Aliponiuliza, nilimdanganya."

Bwana Mdogo dirishani aliacha kutafuna.

Mjomba aliichukua nyundo kutoka kwa kibarua, akaiweka chini polepole kana kwamba ingeweza kulipuka. "Rudisheni mti wa kwanza," akasema. "Sasa hivi. Na wewe bwana, shuka dirishani, uende ukamalizie mkate nje."

Kisha alipanda juu na msumari mrefu, Chiriku nyuma yake. Alianza ukingoni, upande wa barabara, akakwaruza kwa nguvu. Msumari ukateleza juu ya zege kwa mlio mkali. Haukuacha alama ila mstari mweupe. Akaenda katikati, akakwaruza tena. Msumari ulizama. Alipouvuta, ulileta unga wa kijivu, mkavu, uliopeperushwa na upepo kutoka kiganjani mwake.

Mjomba alikaa chini juu ya slabu yake.

"Mchanganyo mmoja," alisema. "Ukingoni pale ulipokuwa unamwaga ndoo yako, ni jiwe. Huku ni unga. Kama kosa lingekuwa la Mzee Kopo, ingekuwa unga kotekote." Akajipangusa kiganja kwenye suruali. "Na ushahidi huu ulikuwapo siku ile ile. Ningeinama na msumari, ningeuona. Sikuinama."

Chiriku alianza kulia, bila sauti.

"Utanipiga, mjomba?"

"Nikupige ili iweje? Zege halitakomaa kwa kilio chako. Shuka ukaniitie mwalimu mkuu, umwambie haya haya, kwa mdomo wako."

Akamwambia. Ilikuwa kazi nzito kuliko ndoo zote ishirini. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaivaa tena, akampigia simu mhandisi wa majengo. Jumatatu darasa la kwanza liliingia maktaba, likaketi sakafuni katikati ya rafu za vitabu. Bwana Mdogo aliona ni heshima kubwa.

Mhandisi alifika Jumanne, mwanamke mfupi mwenye buti za mvua, aliyebeba nyundo ndogo ya kupimia ambayo ilirukaruka kila alipoigandamiza kwenye zege. Aliandika tarakimu, akakunja uso, akaandika tena. Mwisho aliwaambia kwamba slabu inaweza kuokolewa, ila haitafikia nguvu iliyokusudiwa. Miti ikae wiki nne zaidi. Magunia yaloweshwe usiku na mchana, nyufa zifunguliwe na kuzibwa upya, naye angerudi kupima. Tangi lisikae juu yake kamwe. Lijengewe mnara wake lenyewe chini.

"Mngetoa miti yote Jumamosi na kujaza tangi Jumapili," akamuuliza mjomba, "mngekuwa mnazungumza na mimi leo, au na polisi?"

Mjomba akaitazama ile miti kumi na miwili.

Alasiri ile magunia yalipatikana, mengi, kwa kuwa safari hii mjomba aliyatafuta. Yeye na Chiriku waliyatandaza juu ya slabu na kuyamwagia maji, ndoo kwa ndoo, kuanzia katikati. Walipomaliza wakakaa kichwani pa ngazi, miguu ikining'inia.

"Sikiliza, mpwa wangu," mjomba akasema. "Kumwagilia zege ni kazi isiyokuwa na faida ya macho. Ukimaliza, slabu inaonekana vile vile kama mtu aliyelala usingizi. Hakuna wa kukupigia makofi. Ndiyo maana ni rahisi kuiacha, na ni rahisi zaidi kuiigiza. Wewe ulilowesha mahali pa kutazamwa, na mimi nikatazama hapo hapo nikaridhika. Tulikuwa wavivu wawili. Tofauti ni kwamba mimi nina mvi." Akalikamua gunia la karibu. "Kazi ya kweli ifanye hata pale ambapo hakuna jicho litakalofika. Uzito utafika. Uzito haudanganyiki kwa ukuta uliolowa."

"Na Mzee Kopo?" Chiriku akauliza.

"Mzee Kopo." Mjomba alitazama chini kwenye bomba. "Alikuwa anajua, unafikiri?"

"Nadhani alijua. Aliitazama michirizi."

"Na bado akachukua mfuko wake, akakuachia wewe nafasi ya kusema." Mjomba akainuka. "Kalamu unayo?"

Waliandikia mezani kwa mama, kando ya cherehani, baada ya vitambaa kusogezwa. Chiriku aliandika kwanza. Alichana karatasi mbili kabla ya kupata ya tatu, kwa sababu katika mbili za mwanzo alikuwa ameeleza habari za upepo, na za wasichana waliomcheka, na ukubwa wa ndoo, mpaka mama akasoma juu ya bega lake na kusema, "Huyu mzee anataka kujua ulifanya nini, siyo upepo ulifanya nini."

Ya tatu ilikuwa fupi.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni Chiriku. Uliponiuliza kama nilimwagilia siku zote saba nilisema ndiyo. Nilisema uongo. Nilimwagilia siku mbili. Siku tatu zilizofuata nilimwaga ndoo moja moja ukingoni ili ukuta ulowe, na nilipoanza tena nyufa zilikuwapo. Zege lako lilikuwa zuri, pembeni msumari hauingii. Nimewaambia mjomba, mama, mwalimu mkuu na mhandisi, na nitamwambia mtu yeyote utakayenitajia. Kopo lako lipo, nimelitoa chini ya bomba, nimelisugua, alama yako inaonekana. Naomba unisamehe. Ukirudi nitakuwa juu ya slabu asubuhi na jioni.*

Mjomba alivuta karatasi ile, akaandika chini yake kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwa penseli juu ya mbao. *Mzee wangu, nilikulaumu mbele za watu, na mbele za watu hao hao nitakuomba radhi. Mnara wa tangi unaanza mwezi ujao. Sitaki mtu mwingine achanganye. Magunia nimenunua.*

"Mwambie na mimi namsalimu," Bwana Mdogo akasema kutoka chini ya meza. Ikabidi jina lake liongezwe pembeni, ambapo palikuwa pamebaki nafasi ndogo.

Anwani ilitoka kwa yule kibarua aliyelalamikia uji mzito, ambaye nyumbani kwao kulikuwa jirani na kwa binti wa mzee. Chiriku aliikunja karatasi mara tatu, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi, midomo yake ingali imechanika, akaibana kwa kiganja na kuhesabu hadi ishirini ili ishike. Mama akabandika stempu.

Walikwenda posta wote wanne kabla haijafungwa. Sanduku la barua lilikuwa ukutani, juu kidogo kwa mtoto asiye na kimo. Mjomba alinyoosha mkono aichukue bahasha amsaidie.

"Niache, mjomba," Chiriku akasema.

Alisimama kwa ncha za vidole, raba zikakunjika pale zilipotoboka, akaisukuma bahasha ndani ya mdomo wa sanduku mpaka ikamponyoka, na akabaki hapo, mkono juu, mpaka aliposikia imetua chini.